Jumba Bovu Humwangukia Askari

Tarehe 28 Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Jenerali Luigi Cadorna, mkuu wa majeshi ya Italia, alitoa taarifa ya vita ambayo kila nikiisoma damu inanichemka. Siku nne kabla yake, Waaustria na Wajerumani walikuwa wamevunja ngome zake karibu na mji mdogo wa Caporetto, kwenye bonde la mto Isonzo, na jeshi lake lilikuwa linakimbia. Cadorna hakusema kwamba mipango ilikuwa mibovu, wala kwamba makamanda walikuwa hawasikilizani. Alisema vikosi vya Jeshi la Pili vimerudi nyuma kwa woga bila kupigana, au vimejisalimisha kwa aibu. Serikali yake yenyewe iliona hatari ya maneno hayo ikajaribu kuyapunguza makali, lakini yalikuwa yamekwisha kuvuka mipaka.

Nimesoma habari za vita kwa miaka mingi, na hili nimelikuta mahali pengi. Jeshi likianguka, jumba bovu humwangukia askari wa chini. Yeye ndiye aliyeonekana akikimbia, yeye ndiye aliyetupa bunduki, basi yeye ndiye mwenye kosa. Aliyemwacha miezi mitatu bila posho haonekani barabarani akikimbia. Aliyeuza mafuta ya malori yake naye haonekani. Huyo yuko ofisini, na pengine ndiye anayeandika ripoti.

Tukae na Caporetto kidogo, maana mambo yote yamo mle.

Kabla ya siku ile Cadorna alikuwa amekwisha kuwapeleka watu wake kwenye mapigano kumi na moja katika mto huohuo, tangu Juni 1915 mpaka Septemba 1917. Walipanda milima ya mawe wakikabili bunduki za rashasha, wakapata kilomita chache, wakarudishwa tena. Adhabu zake zilikuwa za kutisha. Mahakama za kijeshi za Italia ziliua kwa risasi takriban askari 750 wa jeshi lao wenyewe katika vita ile, na wako wengine waliouawa papo hapo bila kesi. Pale kikosi kilipoasi na wakosaji wasijulikane, Cadorna aliunga mkono kura ipigwe, auawe yule ambaye kura imemwangukia. Hebu fikiri umesimama mstarini, hujafanya lolote, unasubiri kusikia kama umeangukiwa wewe au jirani yako uliyekula naye jana usiku. Chakula kilikuwa kimepunguzwa, na likizo ilikuwa siku 15 kwa mwaka. Makamanda nao walikuwa roho juu, kwa kuwa Cadorna aliwafukuza majenerali zaidi ya 200. Mtu anayeogopa kufukuzwa hapeleki juu habari mbaya, na mkuu asiyepata habari mbaya haoni kinachokuja.

Kilichokuja, kilikuja saa nane usiku wa tarehe 24: makombora na gesi ya sumu. Mwezi mmoja kabla, Cadorna alikuwa ameagiza majeshi yajipange kwa kujihami. Jenerali Luigi Capello, aliyeongoza Jeshi la Pili, yeye alikuwa na mawazo ya kushambulia, akaacha mizinga mingi mbele mno. Mkubwa anasema hivi, wa pili wake anafanya vile, na hakuna aliyefuatilia. Chini yao alikuwako Pietro Badoglio, kamanda wa kikosi kilichokuwa njiani kabisa mwa pigo lile. Alikuwa ameamuru mizinga yake isifyatuliwe mpaka atoe amri mwenyewe. Makombora yakakata nyaya za simu, amri haikufika. Waliokuwa ndani ya mahandaki, wakiwa na barakoa zisizofaa kitu mbele ya gesi ile, walisubiri kusikia mizinga yao ikijibu. Ilibaki kimya.

Waliouawa upande wa Italia walikuwa takriban 10,000. Waliotekwa walizidi 250,000. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya Cadorna aseme ni woga. Mimi nikiitazama naona watu waliokuwa wamekata tamaa siku nyingi kabla ya adui kufika. Wapo waliosimulia kwamba askari walikuwa wakitembea barabarani bila silaha, wengine wakiimba, wakiamini vita imekwisha na sasa wanakwenda nyumbani.

Novemba, Cadorna akaondolewa. Aliyechukua nafasi yake ni Armando Diaz, mtu wa Napoli, asiye na makeke. Jeshi lilikuwa limerudi nyuma zaidi ya kilomita 100 mpaka mto Piave. Diaz akaongeza mgao wa chakula. Akaongeza siku za likizo. Ikaanzishwa bima ya bure kwa askari, ili akifa familia yake isibaki mikono mitupu. Akaacha kutupa watu kwenye mashambulizi yasiyo na maana. Juni 1918 adui alijaribu kuvuka Piave na akashindwa. Tarehe 24 Oktoba 1918, mwaka mmoja kamili tangu Caporetto, Waitaliano wakashambulia, na baada ya siku kumi hivi Austria-Hungaria ilikuwa imeomba vita isimame.

Ni kweli kwamba Diaz alipata msaada wa divisheni za Uingereza na Ufaransa. Ni kweli pia kwamba kufikia wakati huo njaa na mfarakano vilikuwa vimehamia ng'ambo ya mto. Askari wa Austria-Hungaria walikuwa wamekonda, sare zimechakaa, na dola lao lilikuwa linameguka vipande vipande nyuma yao. Serikali mpya ya Hungaria iliwaita watu wake warudi nyumbani na waweke silaha chini. Lakini upande wa Italia, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu walewale: wakulima walewale wa kusini, waliosemwa kuwa damu yao haina vita. Kilichobadilika ni namna walivyotendewa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na mzee mmoja aliyewahi kwenda vitani ujanani. Nilimuuliza, "Mzee, usiku kule mahandakini mlikuwa mnaongea nini?" Nilitarajia aniambie habari za adui au za kifo. Akacheka, akanyoosha mguu wake, akaniambia, "Mabuti, mwanangu. Tuliongea mabuti." Akanieleza jinsi mguu ukikaa kwenye maji siku nne unavyovimba na ngozi kuwa nyeupe, na jinsi ukivua buti usiku asubuhi haliingii tena. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Walikuwa na afande mmoja aliyepita usiku na kurunzi, anamulika miguu yao mmoja mmoja. "Afande akija kuangalia mguu wako," akasema, "unajua na risasi zitafika."

Maneno ya mzee yule yananikumbusha vita vya Krimea, Waingereza na wenzao walipopigana na Warusi, na kahawa.

Majira ya baridi ya 1854 kwenda 1855, jeshi la Uingereza lilikuwa limepiga kambi kwenye miinuko mbele ya Sevastopol, mji wa Warusi waliouzingira. Askari walipewa kahawa, lakini ilikuwa kahawa mbichi, punje za kijani ambazo hazijakaangwa. Hawakuwa na kuni za kukaangia wala kinu cha kusagia. Wakafanya walivyoweza: mtu alikaanga punje kwenye kifuniko cha sufuria juu ya moto wa mizizi iliyochimbwa matopeni, kisha akazipondaponda kwa jiwe au kipande cha kombora. Wengine walizitupa. Katika vitabu vya ugavi, kahawa ile ilikuwa imetolewa, mgao umefika, kazi imekwisha.

Kutoka kambini mpaka bandari ya Balaklava palikuwa takriban kilomita kumi tu. Dhoruba ya tarehe 14 Novemba ilikuwa imezamisha meli nyingi, ikiwamo Prince iliyobeba mavazi ya baridi, na hilo halikuwa kosa la mtu. Lakini vitu vingine vilifika salama. Maji ya ndimu, dawa ya ugonjwa wa kiseyeye, yalifika Desemba, yakakaa bandarini mpaka Februari huku askari wakivuja damu kwenye fizi na meno yakilegea. Barabara ilikuwa tope tupu, farasi walikuwa wanakufa kwa njaa hata wakatafunana mikia, na idara ya ugavi ilikuwa chini ya Hazina kule London, siyo chini ya jeshi lenyewe. Mpaka Februari 1855 wajenzi wa kiraia walipoanza kutandika reli, na ndani ya wiki chache mabehewa yakawa yanapanda. Tabu yote ile ilikuwa na dawa ya wiki chache! Askari wa Uingereza waliokufa kwa maradhi katika vita ile ni wengi kuliko waliouawa na Warusi.

Ndiyo maana neno "uhaba" nalitilia mashaka kila ninapoliona kwenye maelezo ya jeshi lililoshindwa. Uhaba wa kweli upo. Warusi mwaka 1915 walikosa bunduki za kutosha, na kuna waliopelekwa mbele mikono mitupu wasubiri mwenzao afe waokote yake. Lakini mara nyingi kitu kipo ghalani, na kilichokosekana ni mtu wa kujali kifike.

Au kitu kipo kwenye karatasi tu. Kiswahili kina neno la jambo hili, zuri kuliko la lugha nyingi: hewa. Tunajua wafanyakazi hewa. Na jeshi nalo huwa na askari hewa. Juni 2014, mji wa Mosul nchini Iraki ulianguka mikononi mwa wapiganaji wachache sana wakilinganishwa na jeshi lililoandikwa kuulinda. Novemba mwaka huohuo waziri mkuu mpya, Haider al-Abadi, aliliambia bunge kwamba katika divisheni nne tu wamekuta majina 50,000 ya askari wasiokuwako. Wengine walikuwa hai, ila walikuwa nyumbani, wakimwachia afisa wao sehemu ya mshahara ili asiwaulize. Sasa chukua nafasi ya yule ambaye yupo kweli. Kwenye kituo cha watu thelathini mko kumi. Zamu iliyopaswa kuwa ya masaa manne unaisimama masaa kumi na mawili. Risasi zimegawiwa kwa hesabu ambayo hakuna anayeijua. Kisha usiku mnasikia makamanda wa juu wameondoka mjini. Ningependa anayemwita mtu huyo mwoga aniambie yeye angefanya nini.

Zaire ilikuwa hivyohivyo. Askari wa kawaida wa Mobutu waliachwa bila mishahara, wakapora miji mwaka 1991 na tena 1993, huku kikosi kilichomlinda rais kikitunzwa vizuri. Vita ilipoanza mashariki mwishoni mwa 1996, jeshi la nchi kubwa kiasi kile lilichukua miezi saba tu kuyeyuka mpaka Kinshasa, Mei 1997. Watu wa Kisangani na miji mingine njiani waliogopa zaidi jeshi lao linalorudi nyuma kuliko waasi wanaokuja.

Kuhusu mfarakano, kuna wiki moja ambayo naiona inafundisha kuliko vitabu vingi, nayo ni wiki ya Januari 1964.

Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 wakaasi wa Uganda kule Jinja. Tarehe 24 wa Kenya kule Lanet. Wote walikuwa watoto wa jeshi moja la kikoloni, King's African Rifles, na malalamiko yalifanana: mishahara midogo, na maafisa Waingereza ambao bado walikuwa juu yao baada ya uhuru. Nyerere, baada ya aibu kubwa ya kulazimika kuomba jeshi la Uingereza lije kuwazima, alilivunja jeshi lile. Likaanzishwa jingine upya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), Septemba mwaka huohuo, watu wakichukuliwa kutoka pande zote za nchi. Obote kule Uganda alichagua njia nyingine. Aliwaongeza mishahara askari wake, na katika kipindi hicho ofisa mmoja alipandishwa na kupewa batalioni ya Jinja. Jina lake Idi Amin.

Sitaki kusema kwamba uamuzi wa 1964 peke yake ndio uliozaa kushindwa kwa jeshi la Uganda mwaka 1979. Mengi yalipita katikati. Lakini angalia jeshi la Uganda lilivyoendelea. Amin alipomwondoa Obote, Januari 1971, askari wengi Waacholi na Walango waliuawa kambini na wenzao wenye sare kama zao. Cheo kikaenda kwa anayeaminiwa na mkubwa. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, maduka yao yakagawiwa, na maafisa wakapata fungu nono. Raia wakawaita mafuta mingi. Ndege zilitoka Stansted, Uingereza, zikileta wiski na vitu vya anasa vya kuwaridhisha wanajeshi. Kisha wenyewe kwa wenyewe wakaanza kuogopana. Aprili 1978 makamu wa rais, Mustafa Adrisi, aliumia vibaya katika ajali ya gari, na wafuasi wake wengi jeshini hawakuamini kuwa ilikuwa ajali.

Miezi sita baadaye jeshi hilo lilivuka mpaka na kuingia Kagera.

Msomaji wa rika langu anajua yaliyofuata, na anakumbuka jinsi Nyerere alivyotaja sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin. Mimi nimekuja kuyaona maneno yale kama kipimo cha jeshi lolote. Uwezo Amin alikuwa nao: vifaru, ndege za kivita, magari ya deraya. JWTZ ndiyo iliyokutwa haijajiandaa. Kagera ilikuwa na askari wachache, daraja la Kyaka likavunjwa, na ilichukua wiki kadhaa kusafirisha watu na silaha kutoka upande mwingine wa nchi kwa reli, malori na mabasi, wakati wa mvua, huku mgambo wakiitwa kwa makumi elfu. Lakini waliokwenda walijua kwa nini wanakwenda. Askari wa Amin, akiwa amekwisha kupora ng'ombe na mabati ya Kagera, angejibu nini akiulizwa anafia nini?

Machi 1979, kule Lukaya ndani ya Uganda, Libya ilikuwa imeleta watu wake kumsaidia Amin. Baada ya kishindo cha kwanza kilichowarudisha JWTZ nyuma, Walibya waliachwa kwa kiasi kikubwa wabebe mapigano. Mizinga ya roketi ambayo watu waliiita Saba Saba ilifanya kazi yake kwa mlio kama ilivyofanya kwa moto. Yanasimuliwa malori yaliyopishana barabarani siku zile: yanayokwenda mbele yamepakia Walibya, yanayorudi yamepakia magodoro na majokofu. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili.

Na hapa kuna jambo linalonigusa kama mtu wa Kiswahili. Majeshi yote mawili yalikuwa yakiamrishana kwa Kiswahili. "Mbele tembea" ilikuwa ileile pande zote mbili za mto Kagera. Tumezoea kusema lugha moja huleta umoja, na mimi nimesema hivyo mara nyingi. Jeshi la Amin lilikuwa nayo lugha hiyo moja. Liliitumia kupeana amri, na pia kuitana nje ya mabweni usiku kwa watu ambao hawakurudi.

Nirudi kwa Waitaliano wa Caporetto, maana habari yao haikuishia Vittorio Veneto, ule ushindi wao wa Oktoba 1918. Katika vita nzima Waitaliano takriban 600,000 walitekwa. Ufaransa na Uingereza zilipeleka chakula kwa mateka wao waliokuwa kambi za adui, kwani Ujerumani na Austria zenyewe zilikuwa na njaa. Serikali ya Italia ilikataa kufanya hivyo, ikihofia kwamba askari akijua mateka wanalishwa atajisalimisha kirahisi. Takriban 100,000 kati yao walifia huko, wengi kwa njaa na kifua kikuu. Badoglio, ambaye mizinga yake ilinyamaza, alikuwa amekwisha kufanywa msaidizi wa Diaz.

Novemba 1918 waliobaki hai walianza kurudi kwa miguu, wamevaa matambara. Mpakani walikusanywa, wakawekwa kwenye kambi nyingine, za nchi yao safari hii, wakaitwa mmoja mmoja mbele ya meza, na afisa akawataka waeleze walijisalimishaje.